Risasi Sita Zinazong'aa

Siku moja asubuhi nilisimama barabarani Turffontein, mikono juu, nikitazama mdomo wa rivolva iliyojaa risasi ambazo vichwa vyake nilivimimina kwa mikono hiyohiyo. Aliyeishika rivolva alikuwa shemeji yangu. Ninyi vijana mnaoniuliza habari za kazi yangu ya zamani huwa mnataka kujua kwanza kama kulikuwa na hatari, basi nimeanzia huko. Sasa vuteni viti. Ili muelewe kwa nini siku ile nilimhofia yeye kuliko nilivyojihofia mimi, lazima niwafundishe kidogo kazi ya moto.

Chuo kikuu nilisoma falsafa. Nilipofika Johannesburg, mwaka 2015, niliomba kazi ya kufundisha kila mlango wa Braamfontein wenye kibao cha shaba. Aliyenichukua mwishowe ni Mzee Tavares, Mreno mwenye karakana ya bunduki kule Jeppestown, na hakutaka kuona cheti. Alinikuta najikinga mvua mlangoni kwake, akaniuliza kama naogopa joto. Nikasema siogopi. Tangu hapo jina langu likawa Prof, na alilitamka kwa sauti ambayo watu humwitia mbwa mzee.

Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, kwa hiyo nitatumia maneno ya karakanani ili tusichanganyikiwe. Yale mazito ya kijivu tuliyoyeyusha ni madini. Kinachotoka kwenye kalibu ni kichwa. Kichwa kikishakaa mdomoni mwa ganda la shaba, chini yake baruti, ndipo unapata risasi. Baruti sikuigusa hata siku moja. Tavares alikuwa na leseni zake zote ukutani, kwenye fremu, kandokando ya picha ya mama yake, na chumba cha baruti aliingia peke yake na kujifungia. Mimi nilikuwa mtu wa vichwa. Mtu aliyesoma falsafa akiitwa mtu wa vichwa anaweza kujifariji kwa muda mrefu.

Somo la kwanza ni maji. Tone moja likidondoka kwenye chungu cha madini yaliyoyeyuka, halipozi kitu. Linageuka mvuke papo hapo, kwa kishindo, na madini yanaruka hadi darini. Tavares hakunieleza hayo kwa maneno, alinyoosha kidole juu. Dari ile ilikuwa na madoa ya rangi ya fedha, na kila doa lilikuwa na historia ya mfanyakazi aliyepita. La kwangu liko karibu na taa. Niliinama juu ya chungu nitazame kama kumeiva, kama mtu anayetazama wali, na jasho la ncha ya pua likanisaliti. Miwani ya kazi iliniokoa macho. Nyusi zilirudi baada ya muda, upande mmoja zikiwa chache.

Somo la pili ni zinki. Madini tuliyapata kwa mafundi wa tairi, wale wanaobandika vipande vizito kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Zamani vipande hivyo vilikuwa madini safi. Miaka ile vilianza kuja vya zinki, rangi ileile, umbo lilelile. Kipande kimoja tu kikiyeyuka humo, chungu kizima kinakuwa kama uji wa jana: hakimiminiki, hakijazi kalibu, hakifai hata kuzamishia nyavu. Dawa yake ni koleo. Bana kila kipande. Madini yanakubali meno ya koleo kama sabuni, zinki inakugomea. Niliwahi kuona kwamba kubana kipande kimojakimoja ni kupoteza muda wa msomi, nikamwaga ndoo nzima chunguni. Tavares alikoroga, akainua upawa, akatazama ule mtindi ukining'inia.

"Prof," aliuliza, "falsafa inasemaje kuhusu uji?"

Mengine niliyashika polepole. Vipande vya mishumaa iliyobaki kanisani, ukivitupia chunguni, vinaita uchafu juu ukauengua, ndiyo maana karakana yetu ilinuka kama misa ya Pasaka. Kalibu ikiwa baridi inatoa vichwa vyenye mikunjo kama uso wangu wa sasa, na vichwa vya namna hiyo hurudi chunguni bila huruma. Osha mikono kabla ya kugusa chakula. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mimi niliosha siku nyingi, sikuosha siku zote, na mwaka 2019 daktari alisoma majibu ya damu yangu, akaniuliza nafanya kazi gani, nilipomwambia akasema, "Ulikuwa unafanya." Hivyo ndivyo nilivyostaafu nikiwa bado na nguvu za kubeba mizigo ya mke wangu sokoni.

Lakini kumimina ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua, na hapo ndipo wateja walipokuja na tamaa zao. Kila mtu alitaka risasi kali. Kuna mtu mmoja mnene, mwenye duka la pombe, aliyetaka kali kuliko zote, ngumu, inayopita popote. Tavares alimsikiliza hadi mwisho.

"Nyuma ya kaunta yako kuna nini?"

"Ukuta."

"Nyuma ya ukuta?"

"Chumba. Watoto wanafanyia homework humo."

"Basi wewe hutaki inayopita. Unataka inayosimama."

Akamuuzia za kiwandani, zile zenye tundu puani, ambazo zikigonga zinafunguka na kuishia hapohapo. Na kwa mtutu mfupi akamchagulia nyepesi, maana mtu mwenye kuogopa teke la bastola yake mwenyewe hufumba macho kabla ya kufyatua. Mteja aliondoka amenuna. Tavares akaniambia kwamba mteja akitoka kwenye duka la bunduki anatabasamu, kuna kitu hujamuuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Vichwa vyangu vilikuwa vya karatasi, yaani vya mazoezi: unapiga shabaha, unahesabu matundu, unaenda nyumbani. Risasi ya mtu anayelinda uhai wake ilitoka kiwandani, kwenye boksi lililofungwa. Risasi zetu za mazoezi zilipakwa doa jekundu kwenye kitako ili hata mlevi asizichanganye. Mteja wetu mkubwa alikuwa kampuni moja ya ulinzi yenye magari ya kukusanya pesa madukani, na humo ndimo alimofanya kazi Espoir, mdogo wake mke wangu Furaha. Alikuwa kijana wa Uvira, mrefu, mwenye aibu, anayepiga pasi hata soksi. Aliniita bofrere, kama Wakongo wanavyomwita shemeji, na alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu pekee wa ukoo aliyefanya kazi chafu kuliko yake.

Sasa sikilizeni desturi ya kampuni ile, maana ndiyo iliyotaka kuwaua walinzi wake.

Kila mlinzi alipewa risasi sita za kazi, za kiwandani, akazitilia sahihi. Kila Ijumaa msimamizi, mwanajeshi wa zamani aliyeabudu viatu vinavyong'aa, alizikagua kama alivyokagua viatu. Risasi iliyochubuka, au iliyoota ukijani kwa sababu ya ngozi ya mkanda, ilikuwa ushahidi wa uzembe. Mwenye nayo aliondolewa zamu za wikendi, na zamu za wikendi ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Shaba iliyobebwa kila siku kwenye jasho na vumbi la mji huu haiwezi kung'aa hadi Ijumaa. Msimamizi hakujua hilo, au hakutaka kulijua.

Jumapili moja Espoir alikula kwetu. Alijisifu mbele ya dada yake, mdomo umejaa ugali.

"Ijumaa yote napita. Za wengine ziko chafu, zangu ni kama zimetoka kiwanda leo. Chef wa kazi ananionesha kwa batu bote."

"Unazisugua kwa nini?" nikamuuliza. "Dawa ya meno?"

Akacheka, akaangalia sahani. "Kila fundi ana siri yake, bofrere. Wewe una mishumaa."

Tukacheka wote. Furaha akasema mdogo wake tangu utoto hapendi uchafu, hata matope ya Uvira yalimpisha njia.

Jumatano iliyofuata Tavares alitaka kujaribu mwenyewe risasi za kalibu mpya. Mpya kwetu, maana alikuwa ameinunua kwa mtu aliyefunga karakana. Ilikuwa imetengenezwa kwa vichwa vya bastola ya aina nyingine, na vichwa vyake vilitoka laini ubavuni, bila ule mfereji mwembamba unaozunguka kichwa, ambao mdomo wa ganda huuma ili kukishikilia. Tuliuona upungufu huo wote wawili tangu mwanzo. Tukasema ni za karatasi. Na kweli kampuni ilikuwa imezitumia wiki kadhaa bila lalamiko, kwa sababu mwalimu wao, kwa kubana matumizi, aliwapa wanafunzi risasi mbili tu kwa mpigo.

Tavares alijaza sita. Alipiga ya kwanza, akapiga ya pili. Ya tatu triga haikwenda. Akakaza mkono, silinda haikuzunguka. Akajaribu kuifungua pembeni, haikufunguka. Alisimama pale, miwani puani, ameshika kilo nzima ya chuma kisicho na kazi.

Sababu yake ni hii, na naomba muishike. Rivolva ikipiga inarudi nyuma kwa teke. Risasi zilizobaki ndani ya silinda zinarudi nayo, lakini kichwa ni kizito na kivivu, kinataka kubaki kilipokuwa. Kama ganda halikukiuma sawasawa, ganda linarudi, kichwa kinabaki, yaani kinachomoza mbele kidogo. Teke la pili kinachomoza zaidi. Kikishachungulia nje ya silinda kinagonga fremu, basi, umefungiwa nje ya bastola yako mwenyewe. Risasi ya kwanza inatoka vizuri kabisa. Ubaya wake unajitokeza ukishaiamini.

Tavares aliigonga ikafunguka, akaniwekea mezani risasi zilizochomoza kama meno ya sungura.

"Karatasi haikurudishii risasi," alisema. "Lakini hatutamimina tena kwa kalibu hii. Rudisha vilivyobaki chunguni."

Nikafungua kopo la kahawa ambalo dereva wa kampuni alikuwa ameliacha asubuhi ileile. Humo walirudisha maganda matupu, pamoja na risasi za mazoezi zilizobaki bila kupigwa. Kazi yangu ilikuwa kuzichambua. Nilitoa moja, nikatoa ya pili, mkono ukasimama.

Risasi ya mazoezi inaishi maisha mafupi. Inatoka kwenye boksi, inaingia kwenye silinda, inapigwa, kama haikupigwa inarudi kwenye boksi. Hizi zilikuwa na doa jekundu lililofutika kwa kusuguliwa. Ubavuni zilikuwa na ukijani wa ngozi ya mkanda. Na juu ya vichwa vyake, pale ambapo silinda huishia na hewa ya mtaani huanza, kulikuwa na utepe mweusi wa vumbi na mafuta, ule ambao hauji kwa saa moja ya mazoezi. Unakuja kwa wiki.

"Tavares," nikasema. "Hizi zimevaliwa."

Alikuja, akaigeuza moja kwenye mwanga wa dirisha, akavua miwani.

"Nani anavaa za mazoezi?"

Nilikuwa namsikia Espoir akicheka, mdomo umejaa ugali. Kila fundi ana siri yake.

"Wote wanaong'aa siku ya Ijumaa," nikasema.

Zile za kazi walikuwa wamezikunja kwenye tishu na kuzificha mbali na ngozi ya mkanda na vumbi. Silinda walizijaza risasi zenye vichwa vyangu, vya kalibu ileile. Za mazoezi hakuna aliyezidai zikipungua, na hakuna aliyezikagua. Zikichakaa walizitupa koponi na kuchukua nyingine. Na Jumatano, hiyohiyo Jumatano, Espoir huwa Turffontein. Mahali penyewe hakuruhusiwa kututajia, ila alisema siku hiyo huwa "anaona farasi," na gari la pesa pale karibu na uwanja wa mbio lina mlango mmoja tu wa kusimama, duka la jumla la unga na mafuta.

"Piga simu ofisini kwao," Tavares alisema.

Simu za walinzi hubaki ofisini, kwenye sanduku la bati, hadi zamu iishe. Ofisi ingewaita kwa redio. Ingesema kwa sauti, kwenye masafa ambayo mji mzima unajua yanasikilizwa na watu wasio walinzi, kwamba bastola za gari namba fulani zitagoma baada ya kupiga mara mbili. Nikamweleza hivyo. Tavares alitazama saa ya ukutani, kisha akanirushia funguo za bakki, pikapu yake ya kazi.

"Ukifika, tembea," aliniambia. "Anayekimbilia gari la pesa si mtu tena. Ni shabaha."

Barabarani umeme ulikuwa umekatika. Robot, yaani taa za kuongozea magari, zote zimezimika, na kwenye kila makutano magari yalipeana zamu kwa ile adabu ya Johannesburg inayodumu hadi mtu wa kwanza mwenye haraka. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mtu. Nilitukanwa kwa lugha ambazo sikujua kuwa zina matusi. Nilipopita Rosettenville nilijiambia kwamba watu wanakusanya pesa kila siku bila kufyatua hata moja, kwamba silaha nyingi duniani zinazeeka kwenye ala. Hoja ilikuwa nzuri. Chuoni ningepata alama. Nikaongeza mwendo.

Gari la pesa lilikuwa pale pale, mlango wa nyuma umeelekea duka. Dereva alikuwa amejifungia ndani ya kioo chake. Kiongozi wa timu alisimama kwenye kona ya gari, mwanamke mfupi, imara, ambaye Espoir alimtaja kila mara kwa jina la Sis Thandeka na kwa sauti ya mtu anayemtaja mwalimu wa viboko. Espoir alikuwa kwenye ngazi za duka, mkono kwenye ala. Na mita chache mbele, upande wa pili wa barabara, kulikuwa na gari dogo jeupe lenye vioo vyeusi. Injini ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda.

Nilishuka nikiwa na nia kamili ya kutembea.

Nilikimbia. Na hapa mnaruhusiwa kunicheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka karakanani kama nilivyo. Aproni nzito ya ngozi, ambayo kwa mbali ni fulana ya kuzuia risasi hasa. Miwani ya moto machoni. Mikono myeusi. Mimi nilijiona shemeji mwenye habari muhimu. Wao waliona mtu aliyejiandaa.

"Hey! Lala phansi! Chini! Chini!" Sis Thandeka alikuwa ameshatoa bastola yake kabla sijafika katikati ya barabara. Espoir alitoa yake nusu sekunde baadaye, kwa mikono miwili, vizuri, kama alivyofundishwa kwa risasi zangu.

Nilisimama, mikono juu. Nikakitazama kile kitundu. Nilijua kilichomo, nilijua hata siku niliyokimimina. Na wazo lililonijia lilikuwa la kifundi tupu: ya kwanza inatoka vizuri.

"Phansi, baba! Sirudii!"

Nikalala. Shavu kwenye lami, lami ya moto, yenye harufu ya mafuta ya kupikia yaliyomwagika. Chini ya gari la pesa niliona magurudumu ya lile gari jeupe. Yalianza kuzunguka, polepole, yakasogea kuelekea kwetu, yakasimama.

"Espoir!" nikasema kwenye lami. "Ni mimi. Ni bofrere wako."

"Anasema nini huyo?" Sis Thandeka aliuliza.

"Anasema ni shemeji yangu."

"Ni kweli?"

Espoir alichelewa kujibu kiasi cha kuniudhi. Nikainua mkono mmoja taratibu, nikasogeza miwani juu ya paji la uso. Nyusi zangu, zile chache za upande mmoja, ndizo zilizonitambulisha.

"Mungu wangu! Bofrere! Nilikuwa karibu kukupiga!"

"Usiishushe," nikamwambia. "Endelea kuielekeza kwangu, kuna watu wanatazama. Nisikilize tu. Humo ndani una zangu au za Ijumaa?"

Kutoka pale chini niliona viatu vyake vilivyopigwa kiwi vikihama, kimoja kikikanyaga kingine, kama mtoto aliyeulizwa darasani.

"Zangu zitakugomea. Ya kwanza itatoka. Ya pili labda. Halafu silinda haitazunguka, Espoir. Haitazunguka na haitafunguka. Nimeiona leo kwa macho yangu."

Alimtafsiria Sis Thandeka kwa Kizulu, sauti ya chini. Nilitarajia matusi. Badala yake nilisikia pumzi ndefu, na neno moja.

"Eish."

Akaniamuru nitambae hadi nyuma ya mlango wa chuma. Nikatambaa, falsafa, aproni na yote. Pale nyuma ya mlango tulikuwa watatu tumebanana, na yeye akachungulia upande wa gari jeupe. Lilikuwa limeanza kwenda. Lilitupita bila haraka, likakata kona. Hatukujua kama limeondoka au linazunguka mtaa.

"Badilisha," alimwambia Espoir. "Mimi natazama." Na akanyoosha bastola yake kuelekea kona, mkono haujatikisika hata kidogo.

Espoir alipiga goti, akapandisha suruali. Kwenye soksi, ile soksi iliyopigwa pasi, kulikuwa na kifurushi cha tishu nyeupe. Akakifungua. Risasi sita. Zilimeta kama pete za harusi. Hazikuwa na alama hata ya ukucha. Akafungua silinda, akamwaga zangu kiganjani mwangu.

Alipochukua ya kwanza ili aiingize nikamshika mkono.

"Nipe."

Kwenye mfuko wa aproni nilikuwa na msumari niliotumia kusafishia kalibu. Nikaishika ile risasi, nikaukokota msumari ubavuni mwa shaba, mbali na kitako, kidogo tu, kiasi cha kuharibu uso. Mkwaruzo mmoja mrefu.

"Bofrere!" Alilia kama mtu niliyemkwaruzia gari. "Ijumaa! Watanikata wikendi!"

"Watakukata."

"Unanifanyia nini? Hizi ni safi!"

"Ndiyo maana zilikuwa kwenye soksi." Nikampa aiingize, nikachukua ya pili.

"Fanyeni haraka," Sis Thandeka alisema bila kugeuka.

Niliendelea, moja moja, nikimpa, yeye akiingiza na kusonya. Nilikuwa kwenye ya tano aliposema, "Inarudi." Gari jeupe lilikuwa limetokea upande ule mwingine wa mtaa, lile lile, vioo vile vile. Mkono wangu ulitaka kuiacha. Nikaikwaruza ya tano. Nikaikwaruza ya sita. Espoir akafunga silinda, na ninyi mtakaofanya kazi hii mtaujua ule mlio, kaa!, mdogo na mkavu. Kisha akasimama, akatoka nyuma ya mlango.

Sijui alikuwa na nini kipya. Kimo kilikuwa kile kile, sare ile ile. Lakini asubuhi yote alisimama kama mtu anayelinda mfuko wa mwenzake, na sasa alisimama kama mtu anayelinda uhai wake. Bastola aliielekeza chini, kidole nje ya triga, na akakitazama kioo cheusi cha gari lile lilipokuwa likija. Lilipunguza mwendo. Lilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia muziki ndani yake. Halafu likaongeza gia, likaenda moja kwa moja hadi barabara kuu, na mara hii tuliliona likipotea. Hadi leo sijui walikuwa nani. Huenda walikuwa wanamsubiri shangazi yao amalize kununua unga.

Nilibaki nimekaa kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu, risasi zangu mbaya kiganja kimoja, msumari kiganja kingine. Espoir hakunigeukia. Nilijua Ijumaa itakuwa ngumu kwake na Jumapili itakuwa ngumu kwangu, mbele ya dada yake. Nikaanza kujiinua.

"Subiri," Sis Thandeka alisema.

Bado alikuwa amesimama pale kwenye kona, bastola mkononi, ile bastola ambayo muda wote ule ilitulinda sisi wawili. Sasa ndipo alipoishusha. Mkono wake wa kushoto aliuingiza kifuani, ndani ya fulana, akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Kisha akakunja goti mbele yangu na kuninyooshea kiganja. Zilikuwa sita, na ziling'aa kuliko za Espoir.

"Na zangu, baba," alisema. "Zikwaruze kwa nguvu."